Huruma Yataka Maarifa



Hapa kwetu Kasapa, kando ya jiji la Lubumbashi, kila nyumba yajua mambo mawili: umeme hukatika, na watu hawakubali kukaa gizani. Umeme ukikatika, kinyozi ataka kumaliza kichwa alichokianza, mwanafunzi wa Chuo Kikuu ataka kusoma kwa ajili ya mtihani wa kesho, na mama wa duka ataka kuendelea kuchaji simu za wateja wake. Kwa sababu hiyo betri zimeingia katika maisha yetu. Tunazikuta chini ya vitanda, nyuma ya milango, katika vibanda vya njiani, hata katika sakristia za vigango vyetu. Zamani betri ilikuwa kitu cha gari, na fundi wa gari ndiye aliyejua tabia zake. Siku hizi betri imekuwa kama mtu wa nyumbani, lakini tabia zake hatujaziuliza.

Nyingi za betri hizi ni za namna iliyofungwa. Hazina vizibo vya kufungua ili kutia maji kama zile za zamani. Muuzaji humwambia mnunuzi, "Hii haina kazi, iweke tu na kuisahau." Neno hilo la mwisho ndilo linalotutia mashaka. Kitu kilichofungwa si kitu kisicho na hatari. Chungu chenye kifuniko huchemka vilevile, na mpishi mwenye akili hakisahau.

Betri ya risasi si uvumbuzi wa jana. Mfaransa Gaston Planté aliitengeneza ya kwanza mwaka 1859, na kanuni yake ni ileile mpaka leo. Ndani mna mabamba ya risasi, na pamoja nayo asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji. Risasi tunayoitaja hapa ni yale madini laini na mazito, wala si kitu cha bunduki. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, na kila chumba hutoa volti 2 hivi. Katika betri iliyofungwa asidi haichezi kama maji katika chupa. Imenyonywa na kitambaa cha nyuzi za kioo, au imegandishwa ikawa kama uji mzito. Juu yake pana vali, ndiyo kusema mlango mdogo ujifunguao wenyewe hewa ya ndani ikizidi nguvu.

Ufundi huo ni mzuri, nasi twaushukuru. Lakini ganda la betri ni plastiki tu. Betri ikianguka kutoka kwenye pikipiki, ikiachwa siku nyingi chini ya bati lenye joto, au ikichajiwa kwa chaja isiyoifaa, ganda huweza kuvimba, kupata ufa, hata kupasuka. Hapo hutoka hatari nne, na yafaa tuzijue moja moja.

Hatari ya kwanza ni asidi. Huunguza ngozi, hula nguo, na jicho huweza kulipofusha kabisa. Tena haionyeshi ukali wake: kwa macho ni kama maji tu.

Hatari ya pili ni hewa. Betri ikichajiwa kupita kiasi hutoa hewa iitwayo haidrojeni. Haina rangi wala harufu, tena ni nyepesi sana, hupanda na kujikusanya chini ya dari. Ikifika sehemu 4 tu katika sehemu 100 za hewa ya chumba, cheche moja yatosha kuilipua. Betri iliyoharibika na kupata moto huweza pia kutoa hewa nyingine yenye harufu ya mayai yaliyooza. Hiyo ni sumu, nayo ina hila mbaya: baada ya muda pua huchoka, haiisikii tena. Mtu hudhani kwamba hatari imekwisha, kumbe ni pua yake iliyokufa ganzi.

Hatari ya tatu ni umeme wenyewe. Watu husema, "Volti 12 haziui." Ni kweli kwamba haziurushi mkono kama umeme wa ukutani. Lakini ufunguo wa chuma ukigusa ncha zote mbili za betri kwa pamoja, hugeuka kaa jekundu mara moja, na cheche huruka. Pete, saa ya mkononi, hata mkufu wenye medali ya Bikira Maria, vyote ni chuma, navyo humchoma mwenye kuvivaa.

Hatari ya nne ni risasi. Hiyo haipigi kelele wala haiunguzi. Huingia mwilini kidogo kidogo pamoja na vumbi, hukaa katika mifupa, na huwadhuru watoto kuliko watu wazima. Tutarudi kuisema.

Sisi watu wa Katanga hatuwezi kusema kwamba asidi ni mgeni kwetu. Viwanda vyetu huitumia kutoa shaba na kobalti katika mawe, na kila siku magari makubwa yenye matangi ya asidi hupita katika barabara ya Likasi na Kolwezi. Mwezi wa Februari 2019 gari moja la namna hiyo liligongana na magari mengine kati ya Lubumbashi na Kolwezi. Asidi ikawamwagikia wasafiri, na watu wapata ishirini wakafa. Tena mwezi wa Novemba 2025 maji machafu ya kiwanda kimoja cha madini yalifurika katika mitaa ya Lubumbashi, hata serikali ikasimamisha kazi ya kiwanda hicho. Watu wengi walilia na kukasirika, na walikuwa na haki. Lakini asidi iliyo katika betri ya chini ya kitanda ni ya ukoo uleule na ile ya matangi. Ni chache, tena imepunguzwa kwa maji, bali jicho la mtoto ni dogo nalo, halihitaji tangi zima.

Tuseme sasa jambo tuliloliona kwa macho yetu katika kigango kimoja cha upande wetu.

Ilikuwa Jumamosi jioni, saa ya mazoezi ya kwaya. Betri ya kinanda na ya vipaza sauti ililetwa kwa pikipiki, nayo ilikuwa imeanguka njiani. Hakuna aliyeona ufa, maana ulikuwa upande wa chini. Kijana mmoja wa kwaya akaipakata kifuani kama mtu abebaye mtoto, akaiingiza ndani. Alipoitua alijifuta jasho usoni kwa mkono uliolowana. Mara akapiga kelele na kulishika jicho lake la kulia.

Watu wote wakamkimbilia, tena wakamkimbilia kwa upendo. Mama mmoja alileta mafuta ya mawese, kwa kuwa nyumbani kwake kidonda cha moto hupakwa mawese. Mwingine alituma mtoto kununua maziwa. Kijana mwenzake alitaka kulisugua jicho kwa kitambaa. Wa nne alikuwa amesikia kwamba bikarbonati huiua asidi, akashauri itiwe kidogo jichoni. Na kwa kuwa giza lilikuwa linaingia na umeme haukuwako, mzee mmoja mwema aliwasha mshumaa, akainama nao karibu na betri ili aone imekuwaje.

Katika kiwanja cha jirani alikaa muuguzi. Alisikia kelele, akaja mbio. Hakuanza kwa kuuliza nani amekosa. Alisema kwa sauti kubwa, "Baba, mshumaa utoke nje, tafadhali. Mama, weka mafuta chini. Maji kwanza!"

Sasa maji yalikuwa wapi? Bomba la mtaa lilikuwa kavu tangu asubuhi. Lakini mama mmoja wa kwaya alikuwa amepitia kisimani, akaacha mlangoni bidoni mbili za lita 20, maji ya nyumba yake ya usiku ule na ya asubuhi ya Dominika. Hakungoja kuombwa. Alizisogeza zote mbili, akafungua vizibo.

Muuguzi alimlaza kijana kwa ubavu wa kulia, ili maji ya jicho bovu yasipite katika jicho zima. Alizifungua kope kwa vidole alivyoviosha kwanza, akamwambia mwenzake amimine maji kwa kikombe, polepole, bila kukoma. Kijana alilia, akasema, "Mama, yatosha, sasa sisikii tena." Naye akamjibu, "Bado, mwanangu. Vumilia." Saa ya simu ilipoonyesha dakika 20 ndipo alipoacha. Shati la kijana lilikwisha kukatwa kwa mkasi na kuondolewa, wala halikuvuliwa kwa kupitishwa usoni. Kisha akapelekwa hospitali. Daktari alisema kwamba maji yale ndiyo yaliyoliokoa jicho. Na yule mama wa bidoni? Alizichukua tupu, akarudi kisimani gizani.

Tumelifikiri sana jambo hili. Katika watu wale hapakuwa na mbaya hata mmoja. Mwenye mawese alikuwa na huruma, mwenye maziwa alikuwa na huruma, na mzee wa mshumaa vilevile. Kama huruma peke yake ingetosha, kijana angepona kwa wingi wa huruma. Lakini mawese yangeifunika asidi juu ya ngozi. Kitambaa kingeusugua ukali wake ndani ya jicho. Bikarbonati, iliyo dawa njema ya sakafu, ingeliumiza jicho zaidi. Na mshumaa ungeweza kuipasua ile betri usoni mwa mzee mwenyewe. Huruma iliyofundishwa ndiyo iliyookoa, pamoja na bidoni mbili za maji zilizotolewa bila kuhesabiwa.

Sisi makatekista hufundisha mara nyingi mfano wa Msamaria Mwema. Twamsifu kwa kuwa alisimama njiani, wenzake walipopita kando. Lakini tutazame pia alivyotenda. Alitia juu ya vidonda divai na mafuta, dawa za siku zile, akavifunga, akampandisha mgonjwa juu ya mnyama wake, akamfikisha nyumba ya wageni, akalipa. Mtu huyu alijua la kufanya, tena alijua lipi litangulie na lipi lifuate. Upendo wake ulikuwa na mikono yenye akili. Nasi leo, tukiwa na vidonda vya namna nyingine, yatupasa kujifunza dawa za namna nyingine.

Basi, ndugu, tuyaandike hapa yale ambayo kila nyumba yenye betri yapaswa kuyajua kabla ya siku ya taabu.

Ukikuta betri imevimba, ina joto, inatoa mlio kama wa nyoka, au chumba kinanuka mayai yaliyooza, usiisogelee. Watoe watu wote kwanza, watoto na wagonjwa mbele. Acha milango na madirisha wazi, hasa tundu la juu karibu na dari. Usiwashe kiberiti, mshumaa wala sigara. Mbabula yenye makaa iondolewe mbali. Usibonyeze swichi ya taa ndani ya chumba hicho, kwa maana hata swichi hutoa cheche ndogo. Ukihitaji mwanga, washa tochi ukiwa bado nje. Kama betri ilikuwa inachajiwa, kata umeme kutoka mbali, kwenye kikatio kikuu kilicho nje ya chumba. Usikimbilie kuvuta nyaya kwenye ncha za betri, kwa sababu hapo ndipo cheche huzaliwa. Kisha ngoja. Betri yenye joto huhitaji saa nyingi ili ipoe. Na iliyokwisha kuvimba haiponi: usiichaji tena, hata kama fundi wa njiani atakuahidi kuifufua.

Asidi ikimgusa mtu mwilini, maji kwanza, tena maji mengi, kwa dakika 20 zisizopungua. Nguo zilizolowana zitoke mara moja, pamoja na viatu, pete na saa. Asidi ikiingia jichoni, fanya kama yule muuguzi: jicho bovu liwe upande wa chini, kope zifunguliwe, maji yatiririke taratibu bila kukatika. Maji ya bomba ni mema. Yakikosekana, maji safi ya kisima ni bora kuliko kungoja mengine. Usitie mafuta, maziwa, bikarbonati wala dawa ya majani. Baada ya kuosha, nenda hospitali, hata kama maumivu yamepungua. Mtu akimeza asidi, mwambie asukutue kinywa na kutema, lakini usimtapishe, kwa kuwa asidi itaunguza koo mara ya pili wakati wa kupanda. Apelekwe kwa daktari upesi.

Asidi ikimwagika sakafuni, usiikanyage kwa miguu mitupu. Izungushie mchanga au udongo mkavu isienee. Vaa glavu za mpira, na miwani kama unayo. Hapo sasa bikarbonati ina kazi yake: inyunyize polepole kuanzia pembeni. Itatoa povu. Endelea mpaka povu likome, ndipo ujue kwamba ukali umekwisha. Kama bikarbonati hakuna, majivu ya kuni yaliyopoa kabisa husaidia. Yazoe kwa kipande cha ubao au cha plastiki, uyaweke katika ndoo ya plastiki yenye kifuniko, uoshe mahali pale. Yale yaliyozolewa yasitupwe bustanini wala mferejini, kwa sababu yanaweza kuwa na risasi ndani yake.

Betri iliyopasuka, ikiisha kupoa, huchukuliwa kwa mikono yenye glavu, imesimama wima, ndani ya beseni la plastiki, wala si la chuma. Ncha zake zifunikwe kwa utepe wa plastiki ili chuma kisizigusanishe. Aibebaye avue kwanza pete, saa, na rozari ya shingoni. Bikira Maria hatachukizwa.

Na kama betri inawaka moto, kumbuka kwamba nyumba hujengwa tena. Toa watu. Kata umeme kama waweza kufanya hivyo bila hatari. Moto ukiwa bado mdogo, tupia mchanga mkavu, au tumia kizima-moto cha unga. Usimwage maji juu ya vyombo vilivyo bado na umeme. Usivute moshi wake, simama upande upepo unakotoka. Moto ukikushinda, ondoka, uwaite wenye kazi hiyo.

Tumesema tutarudi kwenye risasi. Hapo hatari haiishi baada ya moto kuzimika na asidi kukauka. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi, na risasi ina bei. Ndiyo sababu katika miji mingi ya Afrika vijana hununua betri mbovu, huzivunja kwa nyundo, humwaga asidi ardhini, na kuyeyusha mabamba juu ya moto wa makaa katika kiwanja kilekile ambamo mama hupika bukari na watoto hucheza. Hatuwahukumu, kwa kuwa njaa ni mwalimu mkali. Lakini ni lazima wajue wanachokiuza na wanachokinunua.

Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar nchini Senegali, watoto 18 walikufa kati ya mwisho wa mwaka 2007 na mwanzo wa mwaka 2008, katika mtaa ambamo betri za zamani zilivunjwa na mchanga wenye risasi ulichekechwa. Huko Mombasa, katika kijiji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi bega kwa bega na nyumba za watu mpaka kilipofungwa mwaka 2014. Mama mmoja, Phyllis Omido, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho. Mtoto wake mchanga aliugua, na damu yake ilipopimwa ikakutwa na risasi. Mama huyo hakulia peke yake. Aliwaunganisha majirani zake, wakaenda mahakamani. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakaaji walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kesi ikakatiwa rufani, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikaurudisha uamuzi ule. Fedha ni haki yao, lakini hakuna fedha iwezayo kuiondoa risasi katika akili ya mtoto.

Wala si lazima tuende mbali hivyo. Wafanya biashara wetu wavukao mpaka wa Kasumbalesa huijua Kabwe ya Zambia. Mgodi wa risasi wa mji huo ulifungwa mwaka 1994, lakini vumbi lake limebaki, na mpaka leo watoto waliozaliwa miaka mingi baada ya kufungwa kwake hukutwa na risasi katika damu. Waganga wa dunia wamekubaliana kwamba hakuna kipimo cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara kwa mtoto. Kwa hiyo, mtu aliyeshika betri iliyovunjika anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kumpakata mtoto. Nguo zake zifuliwe peke yake. Mahali palipoingia vumbi pasifagiliwe pakiwa pakavu, bali pafutwe kwa kitambaa chenye maji. Na mtoto aliyecheza mahali pa kuvunjia betri, kisha akawa mnyonge, akaumwa tumbo, au akawa mzito wa kujifunza, apelekwe hospitali, na daktari aambiwe habari za betri.

Labda msomaji atauliza: mambo haya yahusu nini dini? Tunajibu: yahusu amri ya tano ya Mungu. Wengi wetu tukiisikia amri inayokataza kuua huwaza panga na bunduki, halafu huona dhamiri imetulia. Lakini Kanisa latufundisha kwamba amri hiyo yatudai pia kuutunza uhai wetu na uhai wa jirani. Mtu anayeirusha betri yake iliyopasuka nyuma ya ukuta wa jirani hakumwua mtu, ndiyo. Lakini amemwachia mtoto wa mwenzake kazi ya kuiokota. Na anayeimwaga asidi katika kijito kiendacho mto Lubumbashi au Kafubu, je, hajui kwamba wako wanaofua na kumwagilia mboga huko chini? Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alitufundisha kwamba kilio cha ardhi na kilio cha maskini havitengani. Katika viwanja vyetu fundisho hilo lina umbo la betri moja mbovu nyuma ya ukuta.

Tena tusijidanganye kwa ibada iliyokosa akili. Wakristu wetu hupenda kuwaomba mapadri wabariki nyumba, pikipiki, hata mitambo ya umeme wa jua, na ni desturi njema. Wachimbaji wa migodi, tangu zamani, humkumbuka Mtakatifu Barbara tarehe 4 Desemba na kumwomba awalinde na moto na kifo cha ghafula. Lakini hata wao, wakiisha kusali, huvaa kofia ngumu kabla ya kushuka shimoni. Baraka haiondoi kazi ya kutunza. Bwana wetu mwenyewe, shetani alipomtaka ajitupe kutoka kinara cha hekalu ili malaika wamdake, alikataa kumjaribu Mungu. Atakaye kuweka mshumaa wa sala juu ya betri iliyovimba, na akumbuke habari hiyo.

Basi, tunapendekeza mambo machache, madogo, yasiyohitaji tajiri. Kila jumuiya ya kikristu itenge nusu saa baada ya sala, na muuguzi au fundi wa umeme aliye miongoni mwao awafundishe wenzake. Kila nyumba yenye betri iiweke mahali penye hewa, mbali na kitanda, mbali na mbabula, pasipofikiwa na watoto, ndani ya beseni la plastiki. Kando ya mlango, wala si kando ya betri, pawepo bidoni moja ya maji isiyoguswa kwa kazi nyingine, pakiti ya bikarbonati, glavu za mpira, na ndoo ya mchanga. Namba ya simu ya muuguzi wa karibu iandikwe ukutani kwa herufi kubwa. Katika sakristia zetu betri isikae karibu na mishumaa, wala chetezo kisiwashwe hapo. Na betri iliyokufa irudishwe kwa muuzaji azipokeaye nzima, bila kuvunjwa. Kabla ya kununua mpya, mwulize: "Ya zamani utaipokea?" Akikataa, tafuta mwingine.

Hayo yote hayazidi bei ya betri yenyewe. Kilicho kigumu ni kujifunza wakati hakuna anayelia, maana siku ya kilio hakuna nafasi ya darasa. Mkono hufanya kile ulichokizoea. Uliozoea mawese utashika mawese, uliozoea mshumaa utawasha mshumaa, na uliofundishwa maji utatafuta maji.

Bwana Yesu alisema kwamba hata kikombe cha maji baridi kilichotolewa kwa ajili yake hakitakosa thawabu. Zaweza kuja siku ambapo kikombe hicho kitadaiwa kwetu kwa dakika 20 mfululizo, katika mtaa usio na maji, kwa ajili ya jicho la mtoto wa mtu mwingine. Tuombe neema ya kutokukinyima siku hiyo, na tangu leo tujifunze namna ya kukimimina.